Njia za Kupanda Kasri la Asego

Kasri la Asego,
Homa Bay,
9 Agosti, 1967

Mdogo wangu Awino,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi dada yako. Hujambo? Kile kifua kimepoa? Sisi huku juu hatujambo kabisa, upepo wa ziwa unatupuliza, tunakula na kushiba. Naandika kwa Kiswahili ili Bwana Noordin akusomee hapo dukani kwake Macalder, maana shule uliikimbia mwenyewe. Bwana Noordin, tafadhali soma kwa sauti na usiruke neno.

Pole tena kwa msiba wa mumeo Simeon. Shimo la dhahabu la Masara limekuachia ujane mapema mno. Sikuja matanga kwa sababu gari lilikuwa bovu.

Barua yako nimeipata. Unasema unamtaka Roselyn, eti ulinipa nimlee kwa muda tu njaa ilipowabana, na sasa huna mtu mwingine duniani. Tena unauliza njia ipi inafika kwangu, maana safari ile ulizunguka kilima kutwa nzima ukarudi bila kumwona mwanao. Haya, nikueleze, usije ukasema dada ana roho mbaya.

Ukishuka basi la kutoka Rongo, pita soko la samaki ufuate barabara ya gari. Aliichonga yule Mzungu wa migodi aliyejenga kasri hili la mawe na mnara wake, kabla hajamuuzia Dishon wangu akaenda zake kwao. Ni ndefu lakini haichoshi. Juu utamkuta Nicanor getini. Ndiye yule aliyekunyooshea rungu huku mwenyewe akirudi kinyumenyume.

Ukitaka mkato, kuna ngazi za mawe kutoka gatini, ambazo Mzungu alikuwa akishukia kwenda kuogelea. Magoti yatakoma! Zinaishia kwenye mlango wa chuma, na ufunguo ninao mimi. Siku ile uligonga sana, wee, nilikusikia nikiwa nakunywa chai.

Halafu kuna kijia cha wauza samaki na wachota maji, kinachotokea jikoni. Mpishi wangu Priscah ana huruma kupita kiasi, angekufungulia hata ningemkataza. Lakini alikufungia mlango usoni huku analia, nawe ukadhani umekosea njia. Hukukosea, nyamera, ndugu yangu.

Mimi ndiye niliyewaambia. Niliwaambia wote kwamba wewe ni mjane ambaye hajarithiwa, kwamba umewakataa shemeji zako kwa ajili ya kanisa, na kwamba ukikanyaga nyumba ya mtu katika hali hiyo, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, itawamaliza watoto wa waliokupokea. Priscah ana wanne. Mimi mwenyewe siamini mambo hayo. Jumapili nasimama mbele kabisa kwenye kwaya. Lakini wao wanaamini, na sikuhitaji kuajiri askari mwingine.

Unaweza kumkubali Odero, yule shemeji yako mlevi, alale kwako yaishe. Hapo kila mlango utafunguka, na kanisa lako litakutoa nje. Chagua mwenyewe.

Nitakuambia kwa nini, maana sina haya tena. Tangu niolewe, mama mkwe hunitazama tumbo kabla hajanisalimu. Wewe ulizaa mwaka ule ule wa harusi yako, ukamfunga mtoto mgongoni ukaja kunionyesha. Sasa Roselyn ananiita mama, lakini anacheka vile vile unavyocheka wewe. Mkisimama pamoja, nani hatajua? Naogopa, Awino. Naogopa sana, na sitamtoa.

Wala usijipe moyo kwamba mtoto alizuiwa. Siku ile alikuwa mnarani, alikuona ukizunguka, akaniuliza yule mama analilia nini. Nikamwambia ni mtu anayeingiza kifo katika nyumba za watu. Alikimbilia kitandani kwangu, akajifunika shuka gubigubi, akaniomba Nicanor akufungulie mbwa. Nilimkatalia, maana wewe ni damu yangu.

Basi, niishie hapa, karatasi imejaa. Wasalimu wote wanaoniulizia huko Nyatike. Roselyn hajambo, juzi jino lake la mbele limeng'oka, na kila jioni akipiga magoti anamwomba Mungu akuweke mbali nasi.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Rispa