Usisali, Simama Tu

Kamina, tarehe 6 mwezi ya pili 2024

Yaya Malachie, kaka yangu mukubwa,

Jambo sana. Bana beko aje? Bibi yako eko muzima? Minyi niko, ila mwili njo inakataa. Munganga anasema ni kifua kikuu, imeingia mu mifupa ya mugongo. Dawa itakuwa ya mwaka muzima. Niko mu hospitali, nalala ubavu, nachoka hata kwa kunywa maji.

Nakuandikia juu kule kwenu hakuna réseau ya simu, na Fils, ule anabebaka barua ku vélo, kinga yake, anashuka kesho. Nina ombi moja. Weye ni mwinjilisti, najua moyo yako. Usinitumie mutu wa kusali. Unajua vile bwana yangu Mputu alikufaka: ule pasta alimukataza sindano ya sukari, akasema ni kukosa imani. Tangu pale, minyi na kanisa, basi.

Mudogo yako,
Émerence

*

Malemba-Nkulu, tarehe 27 mwezi ya pili

Mudogo yangu,

Salamu ya nyumba yetu yote. Tuko bazima, lakini tunalala na masikio wazi: bantu ya silaha balionekana karibu. Weye unakula? Usingizi inakuya?

Nimesikia. Sitatuma mutu. Hata minyi, nikikumbuka ule pasta, roho inawaka. Nitakuombea huku kwangu, kimya, haitakusumbua. Fils anakuletea samaki ya kukausha. Meza dawa.

Yaya yako,
Malachie

*

Kamina, tarehe 19 mwezi ya tano

Yaya,

Jambo. Barua yangu mbili haukujibu. Fils anasema bengi kwenu bamekimbia. Uko wapi? Bana beko na weye? Natuma hii ikutafute.

Ku kitanda ya pembeni yangu kulikuwa Bibiche, bibi ya soda, askari wa Base ya jeshi, mutu wa mukoa ya Équateur. Kila asubui alimeza dawa yake, kisha anafunga macho, anasema mu Lingala yake na Swahili ya kukatika: "Nzambe, tumechoka. Ikala na sisi." Ile tu. Hakupiga kelele. Siku moja nikamuuliza kwa hasira:

"Unasali juu yangu? Nilikukataza."

"Hapana weye peke, mama. Nasali juu ya hii chumba muzima, na weye uko ndani."

"Na ile dawa? Mungu wako hakasirike?"

Akacheka mpaka akakohoa. "Nzambe na munganga habagombane. Sisi njo tunabagombanisha."

Juma iliyopita alikufa. Bwana yake eko ku vita. Tulimuosha minyi na Christelle, infirmière mwenye kutuuguza, minyi nimeikala ku kiti kwa sababu ya mugongo. Balipomubeba, niliangalia ile kitanda tupu na kinywa yangu ikasema yenyewe: "Tumechoka. Ikala na sisi."

Sauti haikujibu, yaya. Mugongo inauma vilevile. Lakini tangu pale siko peke yangu, na sijue kueleza zaidi. Nimemuuliza Yesu maswali yote juu ya Mputu, hata kwa kumutukana. Ananiacha niulize. Christelle ananisomea Injili kidogo kidogo, minyi nasinzia katikati.

Mudogo yako,
Émerence

*

Mu kambi ya bakimbizi, tarehe 2 mwezi ya munane

Mudogo yangu,

Pole na ugonjwa. Bibi na bana beko bazima, tunalala chini ya turubai. Barua yako imetembea sana mbele ya kunifikia.

Balichoma kanisa. Nimezika bantu nilibatiza kwa hii mikono. Myaka yote nilimuomba Leza, Mungu wetu, ufike pale umefika. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Niliikala tu. Bantu bananiita nisali juu ya maiti, kinywa haifunguke. Nasimama pale sawa muti.

Usimwambie mutu.

Malachie

*

Kamina, tarehe 25 mwezi ya munane

Yaya,

Jambo, na pole, pole sana. Haukuandika "yaya yako" mwishoni. Niliona.

Minyi natembea na fimbo mbili, dawa inanitapisha. Batanibatiza mwezi ujao mu kanisa ya Christelle. Banauliza nani atasimama pembeni yangu. Nimesema: yaya yangu Malachie. Bakisikia uko mwinjilisti, batakuomba uhubiri, lakini nimeshakataa. Usihubiri. Usisali. Simama tu. Kama kinywa imechoka, iache ipumzike. Nasema ile maneno ya Bibiche mahali pako kila asubui.

Kuya.

Mudogo yako,
Émerence

*

Bukama, tarehe 29 mwezi ya kenda

Mudogo yangu,

Jambo. Mugongo iko aje? Niko hapa ku gare, nangoja treni. Kila siku banasema inakuya. Naona siku ya ubatizo imepita. Unisamehe. Kama imepita, nitasimama pembeni yako hata mu jikoni.

Jana mama mumoja muuza mihogo aliniuliza naenda wapi. Nikasema mudogo yangu mugonjwa anabatizwa ku Kamina. Akaniuliza, "Anaitwa nani, tumukumbuke?" Nikafungua kinywa nimupe jina, na sikuwa tena nasema na ule mama. Nilisema: "Leza, Émerence." Machozi ikanishika pale mbele ya bantu, kisha ikaisha.

Njo maombi yangu yote tangu moto. Sijue kama kesho itakuya ingine. Namupa hii barua mutu wa pikipiki. Pengine atafika mbele yangu.

Yaya yako,
Malachie