Minazi ya Bi Mwanahawa, Bondeni Mtoni

Temeke, Jumamosi, alasiri. Mvua ya asubuhi imekatika na sasa ni fukuto tupu. Nimekaa, nimesimama, nimefagia ua usio na taka, nimekaa tena. Binti yangu Lidya kaniuliza mara mbili kama ninaumwa. Nimemwambia hapana. Sijui kama nimesema kweli.

Mume wangu, Stefano, amepoteza kazi leo. Sababu ni mimi.

Afadhali niandike yote. Labda moyo utatulia.

Tulikuja hapa kutoka Masasi baada ya vita, Stefano alipopata ukarani serikalini. Wakati huo ukishika njia ya kwenda Barabara ya Pugu unapita mihogo na mikorosho tu, na fisi tulikuwa tunawasikia. Sasa kuna kinu cha mafuta, kiwanda cha sabuni, kiwanda cha makopo, na maghala ambayo sijui ndani yake mna nini. Asubuhi king'ora kinalia, na barabara inajaa wanaume waliotoka bara, wengine hata Kiswahili bado wanakitafuta. Upepo ukigeukia kwetu, nyumba nzima inanuka sabuni. Nilikuwa napenda kumwandikia mama habari hizi. Mji unakua, nilimwambia, na sisi tumo.

Sikuwahi kujiuliza mji huo utapanuka kuelekea wapi.

Bi Mwanahawa ni Mzaramo wa Mtoni, mjane, amenizidi miaka kama kumi na tano. Shamba lake liko bondeni, kando ya mto Kizinga, aliachiwa na baba yake. Mwaka wetu wa kwanza hapa alinikuta sokoni nikiulizia mchele kwa lafudhi yangu ya kusini, akacheka, akanipa kipande cha bonde nilime mpunga. Hakutaka malipo. Alichotaka ni nimsomee barua za mwanawe aliyeko Tanga, kwa sababu yeye anasoma herufi za Kiarabu na kijana anaandika kwa hizi zetu. Basi nimelima pale misimu yote hii. Nimejifungua, nimefiwa, nimeugua, na kila mara Bi Mwanahawa amefika mlangoni kwangu kabla ya ndugu zangu wa damu.

Kiasi cha mwezi mmoja uliopita Stefano aliniambia mwaka huu nisijichoshe na mpunga. Nikamuuliza kwa nini. Akasema basi tu, nipumzike. Mie namjua mume wangu, hanipumzishi bila sababu. Nilimbana mpaka akasema. Alikuwa amepiga taipu barua ofisini. Bonde lote upande wetu wa mto litachukuliwa, lijengwe viwanda, kwa sababu viwanda vinataka maji. Watu watalipwa fidia ya miti na nyumba. Ardhi yenyewe haihesabiwi. Tangazo lilikuwa bado, na aliniapisha nisimwambie mtu.

Alinihurumia mgongo wangu. Ndivyo siri ilivyotoka ofisini, kwa huruma.

Nilinyamaza kwa siku nne. Siku ya tano, Jumatatu, nilikwenda Mtoni kuchukua jembe langu, nikamkuta Bi Mwanahawa ana furaha ambayo sijaiona tangu mumewe afe. Amepata watu wa kumwangushia minazi. Wangekuja Alhamisi. Minazi yote, ile mirefu aliyopanda baba yake. Pale patakapobaki wazi atajenga nyumba ya vyumba sita, apangishe wafanyakazi wa viwandani. Alinishika mkono akanionyesha kila chumba kitakapokuwa, akitembea kati ya minazi na kuinua mguu kila penye kizingiti. Mji unakua, Mama Lidya, akaniambia, na sisi tule humo.

Nilimwambia ni wazo zuri. Nikarudi nyumbani na jembe langu begani, na njia nzima nilikuwa naiona ile minazi iko chini, na bwana wa serikali akipita na daftari, akiandika kwamba hapa hapana kitu.

Jumatano nilirudi. Nilimkuta anapepeta mchele. Nilimwamkia, akaitikia, na kabla hajanikaribisha nilisema, "Dada, usikate minazi. Hata mmoja."

Aliacha kupepeta. Nikamweleza yote. Hakulia, hakulaumu. Aliniuliza ni nani mwingine anajua, nikasema hakuna, nikamwomba asimwambie mtu kwa sababu kazi ya mume wangu imo humo. Akasema amesikia. Wale watu wa mashoka walipokuja aliwaambia ana homa.

Wiki mbili baadaye nilipita Mtoni na nusura nicheke barabarani. Bonde lote limepandwa. Miche ya minazi yenye nazi zake bado, mipapai iliyohamishwa jana na majani yamelala, miembe mifupi kuliko kuku. Penye mpunga wa watu palikuwa na vijiti vimesimama kwenye mistari iliyonyooka, na wallahi vingine havikuwa na mizizi.

Kicheko kilinikauka nilipokumbuka nani atakuja kuitazama mistari ile.

Alikuja. Mkubwa wa ofisi ya kina Stefano mwenyewe alishuka na gari mpaka mtoni, akatazama, akarudi ofisini. Siku iliyofuata, Jumanne ya wiki hii, alimwita Mzee Athumani. Huyu ni tarishi wao, mtu wa makamo, ndiye anayechukua bahasha kutoka chumba kimoja kwenda kingine. Dada yake ana shamba bondeni. Hilo lilitosha. Aliambiwa avue koti la kazi palepale, mbele ya makarani, akaenda zake na shati la ndani.

Stefano aliporudi siku ile hakugusa chakula. Alinisimulia huku anatazama sahani. Mwisho akasema, "Hajui hata kusoma."

Nilikuwa nimeshika kata ya maji. Nikaiweka chini nikasema, "Ni mimi niliyemwambia Bi Mwanahawa."

Nilidhani atafoka. Ningependa angefoka. Aliniuliza tu nilimwambia mmoja au wengi. Nikasema mmoja. Akatikisa kichwa. Yeye naye, akasema, alimwambia mmoja.

Kisha hakunisemesha siku tatu. Alikuwa anamtuma Lidya. Mwambie mama yako maji. Mwambie mama yako natoka. Nyumba ya vyumba viwili ni ndogo sana kwa watu wawili wasiosemeshana. Tukikutana mlangoni anarudi nyuma kunipisha, kama mgeni. Mimi nilitembea, nilichota maji ambayo hatukuyahitaji, nilikwenda kanisani siku isiyo ya ibada nikatoka kabla sijapiga magoti.

Jana nilikwenda kwa Bi Mwanahawa. Nilikwenda na hasira, nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Temeke. Alinitazama tu na akajua. Hakukana. Alisema aliwaambia mashemeji zake wawili, na wao wakasema kwa wake zao, na wake zao wana ndugu.

"Wana watoto, Mama Lidya. Wewe ungewaficha?"

Maneno yote niliyoyapanga yalinigeukia mwenyewe. Tulikaa pale chini ya minazi yake, na niliposimama kuondoka alinifungia samaki wakavu kwenye jani. Niliwapokea. Nisingejua namna ya kuwakataa.

Leo asubuhi Stefano alivaa kama kawaida, kazi ya nusu siku. Alipofika mlangoni aligeuka, akanisemesha kwa mara ya kwanza. Alisema anakwenda kumweleza mkubwa wake kwamba maneno yametoka kwake, si kwa Mzee Athumani. Nikataka kumzuia. Nilifungua mdomo kabisa. Nikamwona Mzee Athumani na shati la ndani, nikaufunga.

Amerudi kabla king'ora cha mchana hakijalia. Kalamu yake mfukoni, kikombe chake cha chai mkononi. Hakunitaja. Alisema ni mdomo wake, basi. Mzee Athumani anarudi kazini Jumatatu, koti lake amerudishiwa. Sisi tunatakiwa kuhama hapa kota, nyumba ni ya serikali, mwisho wa mwezi. Ile miche haitahesabiwa, wameshasema, ila miti ya zamani itahesabiwa yote. Minazi ya Bi Mwanahawa imesimama.

Alipomaliza kunieleza alikaa kitandani akavua viatu. Nikakaa pembeni yake. Halafu akasema kile kiwanda cha makopo kinatafuta karani anayejua Kiingereza, na kile cha mafuta pia, na vitakavyojengwa bondeni navyo vitataka makarani. Alisema hivyo bila kunitazama. Sijui kama alikuwa anajipa moyo au ananipa mimi. Ila kwenye habari ya kuhama alisema tutakwenda, hakusema atakwenda.

Sasa amelala. Nami nimekaa hapa nikijiuliza swali moja tangu mchana. Kama ingekuwa tena ile Jumatano, na ungo ule wa mchele, ningesema?

Nimejaribu kujidanganya kwamba nisingesema. Siwezi. Ningesema tena, na hili ndilo linalonitisha. Ila kabla ya kufika Mtoni ningemwambia mume wangu, tuubebe mzigo sote wawili tukijua. Hilo nilimnyima. Akiamka nitamwambia hivyo hivyo nilivyoandika, hata kama atarudi kumtuma Lidya.

Mkaa wa pasi umeshika. Jumatatu anakwenda kuomba kazi Barabara ya Pugu, na shati jeupe lisilo na kiraka ni moja tu.