Shuka Aliyofuma Babu

Tunduma

Mdogo wangu Ferdinand,

Pokea salamu zetu, na uwafikishie watoto huko Kitwe. Huku hatujambo, na mahindi ya shamba letu la Iyula yamekomaa vizuri.

Jumamosi kwaya yetu ilitembelea makumbusho madogo ya Wanyiha, huko Mbozi. Nilikwenda na mama. Sikuweza kumwacha peke yake, maana tangu Pasaka, jambo ambalo sikukuambia, ananiuliza mimi ni mgeni wa nani.

Alipita tu mbele ya vyungu na mikuki, akiwa amenishika mkono. Tulipofika kwenye mtambo wa mbao wa kufumia nguo, akasimama na kuupapasa.

"Baba yangu alinifumia shuka kwenye mti kama huu," akasema. "Wanangu wote niliwabeba kwa shuka hiyo."

Atupele, binti anayetembeza wageni, akamuuliza kwa upole, "Na huyu uliyekuja naye, bibi?"

"Huyu ni Fides, kifungua mimba wangu. Mdogo wake Ferdinand yuko Zambia. Alilia sana mgongoni, yule!"

Akacheka. Mimi niligeukia ukutani, nikajifanya nasoma maelezo ya picha, hadi macho yalipokauka.

Tulipofika Mlowo, njiani kurudi nyumbani, aliniuliza tena mimi ni nani. Nikamwambia ni Fides, naye akaniegemea begani, akalala.

Usingoje Krismasi, mdogo wangu. Njoo akuite jina mwenyewe, angali analikumbuka.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Fides