Fimbo ya Papa juu ya Kiti

Kamalondo, Lubumbashi

Yaya Floribert, kaka yangu mukubwa,

Tuko bazima. Léa ameota meno mbili na hanipe usingizi.

Kitabu cha okestra ya Chicago ulichonitumia kilifika. Nilikisoma nikinyonyesha, mboga ya sombe ikaungua kwenye moto. Zaidi ya miaka mia moja na thelathini, yaya, na bangali banapiga pamoja! Maestro wao wa kwanza alingojea jumba lao miaka mingi. Likafunguliwa, na kisha majuma matatu akafa. Nilimulilia kama muntu wa kwetu. Halafu fimbo ya kuongozea ilishikwa na nani? Na mupiga viola, mumoja wao tu, aliyekuwa anakaa palepale katikati yao. Akabaongoza miaka thelathini na saba.

Sisi, tangu tuzike Papa wetu, fimbo aliyotuongozea iko juu ya kiti mbele ya kwaya. Ni ya mutoto wa kwanza wa kiume, basi tunakungoja. Kuanza wimbo, tunafuata kikohozi cha Mama Germaine. "Siku nikipona, misa itakufa!" anasema.

Kila mwaka unasema unakuja. Sikulaumu.

Jumapili nilifunga Léa mugongoni, nikachukua fimbo.

"We Keren," Mama Germaine akanung'unika, "hii si mwiko ya kusonga bukari!"

Nikainua. Sauti arobaini zikapanda mara moja, kama vile zilikuwa zimefungiwa ndani ya kile kijiti.

Ukikuja, yaya, karibu sana. Nafasi yako iko, upande wa batenori.

Mudogo wako,
Keren