Mwili wa Kefa Umekuja Peke Yake

Jumatatu, 4 Novemba 1974
Kefa yuko shambani! Shamba la kijiji, mstari wa tatu, analima. Mume wangu tuliyemzika Agosti kule kwetu, juu ya Kinampanda. Nilimwita. Akageuza shingo, akanitazama kama anatazama ukuta. Watu wote walikimbia. Mimi nilibaki.

Jumanne, 5 Novemba
Nimemleta nyumbani. Hapumui. Ngozi baridi kama mtungi. Kovu la shoka mguuni lipo — ni yeye. Ugali hali, uji hanywi. Mama mkwe, bibi Hana, alimshika mwanawe uso kwa mikono miwili, machozi yakamtoka bila sauti. Anasema siku ya lori la kutuhamishia kijiji hiki cha ujamaa tulipakia vyungu na mbuzi, makaburi tukayaacha. Mwili umetufuata. Roho imebaki kwenye mahame, kule tulikohama.

Alhamisi, 7 Novemba
Mwinjilisti kaja, kaishia mlangoni. Eti tumwombee, halafu tumzike upya. Mwenyekiti wa kijiji, Yeremia, hataki.
“Mama, huyu kalima ekari nzima bila kuomba hata maji. Wewe unataka kumfukia?”
Nikamwambia ni mume wangu, si trekta. Akasema kijijini kila mtu anafanya kazi. Mtu! Leo ndiyo wanamwita mtu.

Jumamosi, 9 Novemba
Kidole kimemkatika, kikabaki kwenye mpini wa jembe. Hakujali. Akaendelea kulima. Ee Mungu.

Jumatatu, 11 Novemba
Mama mkwe anasema njia ni moja. Nimpeleke hadi kaburini, nimwite jina, roho itatoka imrudie. Ila atangulie Kefa, mimi nyuma. Roho iliyokaa bila mwili ina kiu — huingia mwili wa kwanza kuifikia. Nikauliza, na mwenye mwili huo anakwenda wapi? Akavuta ungo, akaanza kuchambua mlenda.
Kesho kutwa tunaondoka. Siwezi kumwangalia anaoza akiwa kazini.

Jumatano, 13 Novemba
Tumefika, mimi na Kefa. Jua kali. Paa la tembe, nyumba yetu ya udongo, walilibomoa siku ya kutuhamisha, kuta zimesimama. Kaburi limetitia, tupu.
Kefa amegoma. Hatua kumi tu zimebaki! Namsukuma atangulie — kama kusukuma ng'ombe aliyelala.
Nikaita jina lake kutoka hapa hapa.
Nimejibiwa! Kutoka ndani ya tembe. Sauti yake yenyewe, ile ya kabla ya homa. Anasema amenisubiri sana. Anasema nije mimi kwanza, huyo nimwache hapo hapo.
Miezi mitatu sijaisikia sauti hiyo. Nilishapiga hatua ya kwanza.
Huyu wa baridi amenidaka mkono wa kushoto. Ananivuta nyuma, kichwa anakitikisa, anakitikisa. Mama mkwe alisema hamna roho ndani yake. Sasa kinachomtikisa kichwa ni nini?
Nimeketi chini. Daftari gotini, naandika ili miguu isiende.
Inaita tena. Luciana, Luciana — safari hii kwa hasira. Kefa hakuwahi kunifokea.
Mkono unaanza kumtoka huyu wa baridi begani. Hataki kuniachia