Bibi Anaitikia Huku Akitembea

Mpendwa Babu,

Kuna kitu sijamwambia mtu yeyote, hata mama. Mwaka huu nimewachukia watu wanaomsalimia Bibi.

Usikasirike. Tangu apate kiharusi anaishi na sisi huku Soweto, Mbeya, na jioni mimi ndiye ninayemshika mkono tukienda dukani. Akinyamaza, anatembea vizuri tu. Mtu akisema "Shikamoo Bibi," miguu inagoma, anayumba. Siku moja jirani yetu, Mama Tusa, alimwamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Bibi akaanza, "Marahaba, watoto hawaja..." Hakumaliza. Nilimdaka akielemea mtaroni.

Nikamwomba awe anapita kimya. Haikuchukua muda, Mama Tusa akaniuliza dukani mbele za watu: "Bibi yako tumemkosea nini? Au ndiyo maringo ya Kihehe?"

Unanijua, Babu. Nilitazama ndala zangu.

Bibi aliposikia, alilia. "Heri nianguke kuliko kupita watu kama ng'ombe."

Ndipo nikakukumbuka enzi za uhai wako. Kule Iringa, tukitoka kanisani, mlikuwa mnasalimia njia nzima, "Kamwene, kamwene," chakula kinapoa nyumbani, mimi nimejificha nyuma ya koti lako. Ukacheka: "Huyu salamu kaziacha tumboni kwa mama yake." Na Bibi alikuwa anashuka ule mteremko wenye utelezi huku akiulizia ndama wa watu, wala hatazami chini.

Huku Mbeya, hospitali walimvalisha kofia yenye nyaya za kupima ubongo, wakamsimamisha juu ya sponji, wakamwambia ahesabu kurudi nyuma. "Mimi sina duka, mwanangu, nihesabie nini?" Kwenye picha ya ubongo wake kompyutani, sehemu ya paji ikajaa wekundu wa kazi nyingi. Dada wa mazoezi ya viungo akanieleza: zamani miguu ya Bibi ilijiendea yenyewe, sasa ubongo unaifikiria kila hatua, na ukiupa maneno ya kutafuta, kazi mbili zinagombania nguvu zilezile. Nilielewa haraka mno. Mwalimu akinisimamisha nijibu kwa Kiingereza, inabidi nishike dawati nisiyumbe.

Basi mimi, mimi huyu, nikafungua mdomo: "Badala ya hesabu, asalimiwe."

Dada akacheka, kisha akakubali. Tangu hapo ninatembea na Bibi uani, nikijifanya watu mbalimbali, mkono wangu karibu na kiuno chake.

"Shikamoo Bibi, mimi mtoto wa mchungaji."

"Marahaba. Baba yako bado anahubiri mpaka watu wanasinzia?"

Mwanzoni alikuwa anasimama kwanza. Baadaye akawa anapunguza mwendo tu. Mama Tusa nilimweleza mwenyewe, mlangoni kwake. Akashika kichwa: "Jamani, na mimi nilivyoropoka!" Siku hizi anakuja uani kusalimia, na anazidisha makusudi.

Juzi walimvalisha tena ile kofia. Wekundu umepungua, Babu. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, nikapumua kama mtu aliyetua ndoo ya maji.

Sasa hivi nasikia mguu wake wa kulia ukiburuza kidogo kwenye korido. Naifunika barua kwa kitabu cha baiolojia, kama kawaida yangu. Mama Tusa anapaza sauti dirishani: "Shikamoo Bibi!"

Natega sikio.

"Marahaba, mama! Tusa amepona kikohozi?"

Hatua hazijasimama. Zinakuja, na maneno yake yanakuja nazo. Kitabu nimekiondoa.

Lala, Babu. Huku tunaitikia.

Mjukuu wako wa nyuma ya koti