Wali wa Jamaika Shuleni kwa Mwanaidi

Troyeville, Johannesburg

Mama yangu,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta umekaa vizuri na goti limekupa nafuu. Yale mafuta aliyokuletea Kaka Abdu yamesaidia? Sisi huku wazima. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu chumba chetu ni kimoja, na Mwanaidi anakielewa Kiswahili chote hata kama anajibu kwa Kiingereza. Nina hasira, mama, na haya sitaki ayasikie upya. Jirani yangu Mama Saumu anarudi Tanga Jumatano, ndiye atakayekuletea.

Wiki mbili zilizopita mjukuu wako alirudi na karatasi ya shule: siku ya vyakula vya asili, kila mtoto alete chakula. Akanionyesha kwenye simu wali wa Jamaika, unaopikwa na maharage. Nikamuuliza, mbona Jamaika? Akasema mwalimu amewagawia nchi. Nikamwamini.

Nilinunua nazi mbili kwa Mkongomani wa pale kona, nikaloweka maharage mekundu, nikakuna, nikachuja tui. Maharage yakachemka na kitunguu saumu mpaka maji yakageuka rangi, ndipo nikatia tui, mchele, majani fulani madogo ya kunukisha, na pilipili mbuzi nzima bila kuipasua. Chumba kikanukia kama kwako. Ukiondoa yale majani, mama, ule ulikuwa wali wako wa Ijumaa. Nikamwambia, "Mwanaidi, hawa Wajamaika walikula kwa bibi yako?" Hakucheka. Alisema nifuate simu inavyosema.

Sufuria ilikuwa nzito, nikaomba ruhusa kazini ili nimpelekee. Yeye alitaka niiache getini. Mlinzi akaona ninavyohangaika, akanibebea mpaka ukumbini. Juu ya meza ya mwanangu palikuwa na bendera ya Jamaika, ameichora mwenyewe. Mwalimu wake akaja anatabasamu, akanipa mkono.

"Tumefurahi kumpata mzazi kutoka Jamaika. Mwanaidi ametusimulia jinsi bibi yake anavyoupika wali huu kule Kingston."

Nikamtazama mwanangu. Miaka kumi na mitatu, amesimama nyuma ya meza, na wenzake wote wametutolea macho.

Nikasema, "Ndiyo."

Mama, nilisema ndiyo. Kisha nikashika upawa, nikawapakulia wazazi wa watu, wakala wakasifu, nami nikashukuru kwa niaba ya nchi ambayo sijawahi kuiona.

Tulipofika nyumbani nilifunga mlango nikafoka kama sijawahi kufoka. Nikamuuliza bibi yake amemkosea nini hadi amhamishe kwao. Nikamuuliza kama ananionea haya. Akajibu, na safari hii kwa Kiswahili, chake hicho cha kuvunjikavunjika.

"Mwaka jana, darasa ingine, mimi nilisema Tanzania. Wao wanaita mimi kwerekwere, kila siku. Wanamwaga maziwa ndani ya begi. Wewe ulikausha vitabu."

Kwerekwere ndilo tusi wanalotutukania wageni huku. Na vitabu nilivikausha kweli. Aliniambia chupa yake ilivuja.

"Kwani Wajamaika si wageni?"

"Wajamaika wao wanapenda," akasema. "Na wewe, dukani jina lako nani?"

Dukani mimi ni Grace. Sikuwahi kukuambia. Mwenye duka la kushonea kule Kensington, mtaa wa jirani, alinipa jina hilo wiki ya kwanza, eti Mwanahamisi litawachosha wateja. Nimeitika miaka sita. Mtoto alikuwa akikaa pale baada ya shule, ananisikia naitika.

Asubuhi yake nilirudi shuleni nikamweleza mwalimu ukweli wote. Akainamisha uso, kisha akasema, "Eish, mama, watoto wanataniana tu." Nikamwambia maziwa ndani ya begi si utani, na sitoki pale mpaka nimwone mkuu wa shule. Nilikaa kwenye benchi hadi saa sita. Wazazi wa watoto wawili wakaitwa. Mmoja amekuja, mwingine hajatokea. Nitarudi tena, na tena.

Kazini nikamwambia bosi ninaitwa Mwanahamisi. Akacheka. Alipoita Grace, niliendelea kushona bila kuinua kichwa. Siku tatu sasa ananiita "wewe". Ukisikia nimehama kazi, usishtuke.

Mwanaidi naye alininunia, akisema nimemwaibisha mara mbili, pale ukumbini na tena kwa mwalimu. Jana ndipo alipokuja kukaa kitandani kwangu, akaniuliza kwa nini nilisema ndiyo. Nikamwambia niliogopa.

"Mimi pia," akasema.

Nisalimie Shangazi Mwanaharusi, umwambie vitenge vyake viko njiani. Msalimie Kaka Abdu, mkewe, na yule mjomba wetu wa msikitini ambaye hachoki kuniulizia. Nisamehe kwa lile ndiyo, mama.

Jumapili Mwanaidi atakupigia mwenyewe, kwa Kiswahili. Atakosea sana. Nakuomba pale nyumbani asicheke mtu, hata watoto wa Abdu. Akichekwa huku na akachekwa na huko, sitajua tena nimwambie kwao ni wapi.

Mwanao,
Mwanahamisi